Mbolea Tunayoichoma na Mbolea Tunayoinunua

Mpunga ukishapurwa na magunia yakishatoka shambani, pembeni ya turubai hubaki lundo la mabua. Katika majaruba mengi ya Tanzania, mwisho wa lundo hilo ni kiberiti. Linawaka jioni moja, moshi unatanda juu ya kingo, na asubuhi kinachobaki ni duara jeusi la majivu. Msimu unaofuata, mpunga ukiwa umeshachipua, mtu akisimama ukingoni ataliona duara lile tena, safari hii kwa rangi ya kijani. Mpunga uliopandikizwa juu ya majivu umestawi, mashina yamenenepa na machipukizi ni mengi. Hatua kumi kutoka hapo mpunga wa mbegu ileile, uliopandikizwa siku ileile na kunywa maji yaleyale, umesinyaa na kupauka. Hapo hapana uchawi wala mbegu mbaya. Chakula kilichotoka katika jaruba zima kimerudishwa mahali penye ukubwa wa chumba kimoja, na sehemu nyingine imekwenda na upepo.

Tufanye hesabu, maana mali bila daftari huisha bila habari. Vipimo vya watafiti wa mpunga vinaonyesha kwamba tani moja ya mabua makavu hubeba takriban kilo 5 hadi 8 za naitrojeni, kilo moja hivi ya fosforasi, kilo 12 hadi 17 za potasiamu, na silika nyingi, kilo 40 hadi 70, ambayo ndiyo inayolikaza shina la mpunga lisianguke ovyo na kuliimarisha jani dhidi ya magonjwa. Ekari iliyotoa magunia 20 ya kilo 80, yaani tani 1.6 za mpunga, huacha mabua yenye uzito unaokaribiana na huo. Ndani ya mabua ya ekari hiyo moja, basi, kuna kilo 19 hadi 27 za potasiamu, ambazo ni sawa na mfuko mzima hivi wa kilo 50 wa mbolea ya potasi ya dukani. Kuna pia kilo 8 hadi 13 za naitrojeni, kiasi cha nusu mfuko wa urea. Moto ukipita, naitrojeni karibu yote hugeuka hewa, salfa hupungua, na robo hivi ya fosforasi hupotea. Potasiamu sehemu kubwa hubaki kwenye majivu, lakini inabaki kwenye lile duara, wala haienei jaruba zima. Mpunga ukikatwa juu na visiki virefu vikaachwa shambani, hasara hupungua. Ukikatwa chini kabisa na kukusanywa wote, hesabu ndiyo hiyo. Baada ya hapo mwenye shamba hutafuta fedha za kununua urea.

Ninaanza na mabua kwa sababu mazungumzo ya rutuba yamezoeleka kuanzia dukani. Kwa miaka mingi tumegawanyika kambi mbili. Kambi moja inaamini kwamba mavuno ni mifuko: ongeza urea, ongeza magunia. Nyingine inaamini kwamba mbolea za viwandani zinaua ardhi, na kwamba samadi na mboji pekee zinatosha kama zilivyowatosha mababu. Kila kambi ina ushahidi wake, na kila moja huuacha upande mmoja wa ushahidi huo. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba katika jaruba la mpunga hizi mbolea mbili hufanya kazi tofauti, na kwamba ile ya asili, pamoja na kwamba ni dhaifu ikipimwa kilo kwa kilo, ndiyo inayozuia fedha iliyolipwa kwa ile ya dukani isipotee.

Itazame punje moja ya urea. Mkulima ameingia jarubani saa sita mchana, maji yamesimama kina cha kiganja, naye anarusha kwa mkono. Punje inazama na kuyeyuka mara moja. Ndani ya siku chache vimeng'enya vya udongo na maji vinaigeuza kuwa amonia. Sasa, maji yale yana mwani, ile kijani nyembamba inayoelea, na mwani huo mchana kutwa unavuta kaboni kutoka majini ili kujilisha kwa mwanga wa jua. Kaboni ikipungua, maji hupoteza uchachu wake, yanakaribia hali ya magadi, na katika hali hiyo amonia haitulii majini, inapaa. Kiasi kingine huzama, hukutana na hewa kidogo kwenye ngozi ya juu ya tope, hugeuka naitreti, hushuka kwenye tope lisilo na hewa, na hapo bakteria huigeuza kuwa gesi isiyo na faida kwa mmea. Ndiyo maana katika mashamba ya mpunga ya wakulima wa kawaida, sehemu ya naitrojeni inayofika ndani ya mmea kwa msimu ule huwa thuluthi moja hivi, wakati mwingine zaidi kidogo. Katika mifuko mitatu iliyobebwa begani kutoka dukani, miwili haiuoni mpunga.

Hasara hiyo ina dawa za kiufundi ambazo hazihitaji samadi: kupunguza maji kabla ya kutia mbolea ya kukuzia, kuigawa mara mbili au tatu, kuilenga siku za kuchipua na siku mpunga unapoanza kubeba mimba, na kufukia. Huko Bangladesh wakulima wengi wamejifunza kutumia urea iliyogandamizwa kuwa vidonge vinavyozamishwa kwenye tope, kina cha sentimita 7 hadi 10, katikati ya mashina manne. Yote haya ni mazuri na yanastahili kufundishwa katika kila skimu. Lakini hata urea iliyotiwa kwa ustadi inaleta naitrojeni peke yake. Haileti potasiamu, fosforasi, zinki wala silika, na haiachi kitu cha kuishika rutuba ya msimu ujao. Mpunga uliopewa urea tupu hukua zaidi, na kwa kuwa umekua zaidi, huchota zaidi yale ambayo haukupewa.

Hapo ndipo penye chembe ya ukweli katika lawama tunayoisikia vijijini, kwamba shamba likishazoeshwa mbolea haliwezi tena kuishi bila hiyo. Walioliona jambo hilo hawakukosea macho yao. Shamba lililopewa urea miaka kumi, mabua yakichomwa na punje zikiuzwa, limesombwa potasiamu na fosforasi kwa kasi kubwa kuliko lile ambalo halikupewa kitu. Siku urea inapokosekana, mwenye shamba anakuta akiba imekwisha. Lakini kosa si la naitrojeni kutoka kiwandani. Mzizi wa mpunga hauna njia ya kutambua kama amonia inayoufikia imetoka kwenye kinyesi cha ng'ombe au kwenye mitambo ya aina ile iliyoanza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, kwa maarifa ya Fritz Haber na Carl Bosch. Na huko Minjingu, mkoani Manyara, ambako fosfeti imechimbwa tangu 1983, mwamba wenyewe ulitokana na masalia na kinyesi cha ndege wa majini wa kale. Fosfeti hiyo tunayoiita ya kiwandani ni samadi iliyozeeka ardhini. Ukuta tulioujenga kati ya asili na kiwanda ni mwembamba kuliko tunavyoambiana.

Kambi ya pili nayo ina hesabu yake ya kujibu. Mpunga wa tani nne kwa hekta huchukua kutoka udongoni takriban kilo 60 hadi 80 za naitrojeni. Samadi kavu ya ng'ombe wa kwetu, wanaokula nyasi tupu na kulala kwenye zizi lisilo na paa, huwa na naitrojeni ya asilimia moja hivi, mara nyingi pungufu. Tani moja ya samadi, basi, ina kilo 10, chini ya nusu mfuko wa urea; na hata hizo hazitoki zote msimu wa kwanza, kwa sababu samadi hutoa polepole. Anayetaka kulisha hekta moja kwa samadi peke yake atahitaji tani nyingi, labda 15 au 20, na atahitaji kundi la ng'ombe ambalo mwenye ekari mbili hana, pamoja na eneo la malisho lenye ukubwa mara kadhaa kuliko jaruba lake. Kijiji kizima hakiwezi kufanya hivyo kwa pamoja bila kuhamisha rutuba ya malisho na kuiacha nyika ikiwa kiwara.

Kuna nchi iliyojaribu kwa amri. Mwaka 2021 serikali ya Sri Lanka, chini ya Rais Gotabaya Rajapaksa, ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea za viwandani na kuwataka wakulima wote wageukie kilimo hai mara moja. Wakulima hawakuwa na mboji ya kutosha, wala muda wa kuitengeneza. Mavuno ya mpunga yakaporomoka, na amri ikaondolewa Novemba mwaka uleule. Nchi iliyokuwa imefikia kujitosheleza kwa mchele ikalazimika kuagiza mchele kutoka nje. Matatizo mengine ya uchumi yalikuwepo, na si haki kuitupia marufuku ile kila kitu kilichofuata. Lakini somo la mpunga lilikuwa wazi: naitrojeni iliyoondolewa ghafla haikuwa na pa kutokea pengine.

Zikitiwa pamoja hutokea nini? Ushahidi wa muda mrefu kuliko wote hautoki kwenye mpunga. Unatoka kwenye ngano, katika shamba la Broadbalk huko Rothamsted, Uingereza, ambako John Lawes na Joseph Gilbert walianza, mwaka 1843, jaribio linaloendelea hadi leo. Kipande kimoja kimepewa samadi tani 35 kwa hekta kila mwaka, kingine mbolea za viwandani zilizokamilika, kingine hakijapewa kitu. Kwa miongo mingi kile cha samadi na kile cha viwandani vilikwenda karibu sambamba, jambo ambalo peke yake linawajibu wanaosema kuwa mbolea ya kiwandani lazima iue ardhi. Lakini zilipokuja mbegu za kisasa zenye uwezo mkubwa, kipande kilichopata samadi pamoja na naitrojeni ya kiwandani kilianza kuvipita vyote viwili. Udongo wake, uliojaa kaboni, unashika maji na chakula kwa namna ambayo mfuko hauwezi kuinunua.

Jaruba si shamba la ngano, na msomaji makini atauliza kama somo hilo linavuka. Linavuka kwa njia yake. Kwa msaada hapa nitamwita mtafiti aliyefanya kazi kwa jirani zetu, Muguga, nje kidogo ya Nairobi, H. F. Birch. Mwaka 1958 alichapisha kazi iliyoeleza kwa nini udongo uliokauka sana, ukinyeshewa mvua ya kwanza, huamka kwa kishindo: bakteria walionusurika na ukame hushambulia mabaki yaliyomo, na kwa siku chache naitrojeni nyingi hufunguka. Wakulima wa Afrika Mashariki walilijua jambo hilo zamani kwa jina la kuwahi mvua. Sasa lifikirie jaruba letu. Kiangazi limepasuka nyufa za kupitisha mkono. Mvua za kwanza zinalilowesha, naitrojeni inafunguka, lakini mpunga bado uko kitaluni au bado uko ghalani. Wiki chache baadaye maji yanajaa, na naitreti ile yote inageuzwa gesi. Jaruba limepoteza chakula chake kabla ya mgeni kufika mezani.

Mabua yaliyolimiwa ndani mapema hubadilisha habari hiyo. Mabua yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, kwa hiyo bakteria wanaoyaozesha huwa na njaa ya naitrojeni na huikamata popote waipatapo. Ile iliyofunguliwa na mvua ya kwanza huingia katika miili yao badala ya kuelea ikisubiri kupotea. Bakteria hao wakifa na kuoza, wiki kadhaa baadaye, naitrojeni inarudi, na safari hii mpunga umeshapandikizwa na mizizi ipo. Samadi na mboji hufanya kazi ya upande wa pili: chembe zake huishika amonia ya urea isioshwe, hasa katika majaruba yenye kichanga ambako udongo wenyewe hauna mikono ya kushikia. Na wakati urea inatoa pigo moja kubwa kisha inakwisha, samadi hutoa kidogokidogo mpaka siku za kujaza punje. Mkulima anapata mlo mkubwa kwa wakati alioupanga na akiba ya kuziba mapengo. Kilo ileile ya urea inaleta mpunga mwingi zaidi.

Hapa mkulima mzoefu atanisimamisha. Atasema aliwahi kulimia mabua, na miche yake ikageuka njano wiki mbili baada ya kupandikizwa, wakati mpunga wa jirani aliyechoma mabua ulikuwa kijani. Anasema kweli, na sababu ni ileile njaa ya bakteria niliyoisifu hivi punde. Mabua mabichi yakichavangwa pamoja na maji na miche ikawekwa juu yake siku chache tu baadaye, bakteria na mpunga hugombea sahani moja, na bakteria hushinda. Zaidi ya hapo, uozaji usio na hewa hutoa tindikali zinazochoma mizizi michanga. Dawa yake ni muda. Mabua yatandazwe shambani mara tu baada ya kupura, yakatuliwe na kufukiwa kijuujuu wakati udongo ungali na unyevunyevu, yaoze kwenye hewa wiki tatu au nne au zaidi kabla maji hayajajaa. Na hapa mfuko wa dukani unarudi kuisaidia mbolea ya asili: urea kidogo ikitiwa mapema wakati wa kupandikiza hulipa deni la bakteria ili miche isisubiri. Mabua yanaokoa urea, na urea inaharakisha mabua.

Pingamizi zito zaidi limetoka kwa wanasayansi wenyewe. Mwaka 2003 watafiti waliolinganisha majaribio ya muda mrefu ya mpunga katika nchi za Asia walihitimisha kwamba, kwa wastani, kuongeza samadi au mabua hakukuboresha mwenendo wa mavuno pale mbolea za viwandani zilipotolewa kikamilifu. Mashamba ya mpunga yanayofurikishwa maji sehemu kubwa ya mwaka hutunza kaboni yake yenyewe, kwa sababu vitu huoza polepole chini ya maji. Matokeo hayo siyakatai, na yeyote anayehubiri mboji kama dawa ya kila shamba anapaswa kuyasoma. Lakini tazama masharti yake: mbolea kamili, maji ya uhakika, misimu miwili au mitatu kwa mwaka. Hayo si maisha ya sehemu kubwa ya wakulima wetu wa mpunga, ambao hutegemea mvua, huvuna mara moja, huliacha jaruba likauke miezi mingi, na wakinunua mbolea hununua mfuko mmoja wa aina moja. Pale naitrojeni, fosforasi na potasiamu zote zimelipiwa, mabua hayaongezi kitu kikubwa kwa sababu hakuna pengo la kuziba. Kwetu mapengo ndiyo yaliyojaa. Skimu chache zenye maji ya kudumu, kama ile ya Lower Moshi iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani na kupandisha mavuno kutoka tani mbili hivi hadi sita kwa hekta, zinakaribia zaidi hali ya Asia. Na hata huko mafanikio yaliletwa na mbegu, maji, usawazishaji na mbolea kwa mkupuo mmoja, na hakuna anayeweza kukitoa kimoja akasema hiki ndicho kilichofanya kazi.

Linafuata swali la jasho, ambalo mara nyingi wataalamu hulipita haraka. Samadi ni nzito. Zizi liko mlimani, jaruba liko bondeni, na tani tatu za samadi ni safari nyingi za mkokoteni kwenye njia mbovu. Kumwambia mama mwenye watoto wadogo abebe hiyo kwa kichwa ni kumtukana. Ndiyo sababu ninaweka mabua mbele ya samadi: mabua yako shambani tayari, hayahitaji gari, yanahitaji kutandazwa tu. Samadi kidogo iliyopo iende mahali inapozaa zaidi. Kwanza ni kitaluni, ambako madebe machache yanatosha kutoa miche yenye afya kwa ekari nzima. Kisha ni kwenye lile jaruba moja la kichanga au lililochongwa wakati wa kusawazisha, ambalo kila mwaka huwa la mwisho. Na samadi itunzwe. Lundo lililoachwa juani na kunyeshewa miezi sita limebaki mchanga na nyuzi. Lile lililofunikwa kwa majani ya migomba au turubai kuukuu limebaki na chakula chake. Mashineni nako maganda ya mpunga hurundikana hadi kuwa kero. Yakiunguzwa polepole bila hewa nyingi mpaka yawe mkaa, kabla hayajawa majivu meupe, yanafaa sana kuchanganywa na udongo wa kitalu.

Wapo watakaosema mabua si yao kuyafukia, maana yana soko. Huko Mwea, nchini Kenya, mabua hufungwa marobota na kuuzwa kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na katika mabonde mengi ya Tanzania mifugo huingizwa mashambani baada ya mavuno, wakati mwingine kwa makubaliano, wakati mwingine kwa ugomvi. Sioni ubaya wa ng'ombe kula mabua. Ng'ombe hubakiza sehemu ndogo tu ya madini mwilini na kwenye maziwa. Mengine hutoka kama kinyesi na mkojo. Ubaya ni biashara ya upande mmoja, mabua yanapotoka na samadi isirudi. Anayeuza robota anauza potasiamu ya shamba lake, na bei yake iihesabu. Yale maelewano ya zamani, ya mfugaji kulaza ng'ombe wake usiku kwenye shamba la mkulima kwa malipo ya malisho, yalikuwa na sayansi ndani yake, na viongozi wa vijiji wanaosuluhisha migogoro ya wakulima na wafugaji wangefanya vyema kuyarudisha mezani yakiwa na maandishi na mipaka.

Kuhusu hali ya hewa, nitasema kwa ufupi. Ni kweli kwamba vitu vinavyooza chini ya maji hutoa gesi ya methani, na mabua mabichi yaliyofukiwa siku chache kabla ya mafuriko huiongeza sana. Mabua yaliyoozea hewani zaidi ya mwezi mmoja kabla ya maji, au yaliyokuwa mboji kwanza, hutoa methani kidogo zaidi. Ratiba ileile inayookoa miche na manjano ndiyo inayopunguza gesi. Kulikausha jaruba kidogo na kulijaza tena, badala ya kulifurikisha mwanzo hadi mwisho, hupunguza zaidi, na huokoa maji.

Lililobaki ni la sera, na hapa nina malalamiko ya wazi. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja na kukubaliana kupandisha matumizi ya mbolea kutoka wastani wa kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi 50 ifikapo 2015. Mwaka huo ulifika na bara halikufika. Bei za urea zikaruka mwaka 2021 gesi asilia ilipopanda, zikaruka tena baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, na mwaka huohuo Tanzania ikarudisha ruzuku ya mbolea. Ruzuku iliwasaidia watu, na sitaki iondolewe. Lakini tukipima rutuba kwa idadi ya mifuko iliyogawiwa, tunapima mlango wa kuingilia na kuacha mlango wa kutokea wazi. Mkutano wa Afrika kuhusu mbolea uliofanyika Nairobi Mei 2024 ulitaja mbolea za asili na za viwandani katika sentensi moja na kuweka lengo la kuongeza zote mara tatu ifikapo 2034. Hiyo ni hatua. Itakuwa na maana pale afisa ugani atakapoulizwa, pamoja na mifuko mingapi imeuzwa katika kata yake, ni ekari ngapi za mabua zimechomwa.

Ndugu msomaji mwenye jaruba, huna sababu ya kuniamini mimi wala Rothamsted. Chagua majaruba mawili yaliyo jirani, yenye udongo na maji ya aina moja. Msimu huu, katika moja fanya kama kawaida yako. Katika jingine usiwashe kiberiti: tandaza mabua siku uliyomaliza kupura, yakatue kabla udongo haujakauka, subiri mwezi, kisha tia mbolea ileile ya dukani kwa kiasi kilekile na siku ileile. Usihame na hukumu ya mwaka mmoja. Rudia misimu mitatu. Na siku ya kupura, pima magunia ya kila jaruba peke yake, uandike kwenye daftari.